Siku kumi Kuba: njia, fedha na sheria zinazomfuata msafiri

Kabla ya kuondoka

Kabla ya kutafuta tiketi, jiulize ni sheria ya nani inakuhusu. Kuba yenyewe humpokea mtalii wa taifa lolote, Mmarekani akiwemo. Katazo linatoka Washington, nalo linalenga fedha: mtu aliye chini ya mamlaka ya Marekani haruhusiwi kutumia fedha zake Kuba kwa ajili ya utalii. Kanuni hizo zilitoka Julai 1963. Rais Carter alizilegeza mwaka 1977, Reagan akazikaza tena mwaka 1982, na mwaka 2000 Bunge la Marekani likaliingiza katazo la utalii kwenye sheria. Ndiyo maana hata Obama, aliyefungua mlango kuliko wote waliomtangulia, hakuweza kuliondoa kwa saini yake.

Aliye chini ya mamlaka hayo ni raia wa Marekani popote alipo, mwenye grini kadi, na pia mtu yeyote aliyesimama kwenye ardhi ya Marekani, awe na pasi ya nchi gani. Hili la mwisho ndilo wengi hawalijui. Mtanzania mwenye pasi yake ya Tanzania akipitia Istanbul hana mjadala na Washington. Mtanzania huyohuyo akiunganisha ndege Miami, sheria zote za Marekani zinamshika, juu ya kuhitaji viza ya Marekani kwa kupita tu.

Kwa walio chini ya sheria hizo kuna makundi 12 ya safari zilizoruhusiwa: kutembelea ndugu, uandishi wa habari, utafiti, dini, elimu na mengineyo. Linalotumiwa sana na msafiri wa kawaida ni lile la kuwasaidia wananchi wa Kuba. Huombi kibali kwa mtu. Unataja kundi lako unaponunua tiketi, kisha unaishi kulingana nalo. Maana yake: kulala nyumba ya mtu binafsi, kula mgahawa wa mtu binafsi, kununua kwa fundi au mkulima mwenyewe, na kila siku kuwa na ratiba kamili ya kukutana na watu. Kushinda ufukweni siku nzima hakukubaliki. Ratiba na risiti zitunzwe miaka 10. Zamani ilikuwa mitano, ikabadilishwa Machi 2025.

Wenye pasi za Uingereza, Ujerumani, Uholanzi na nchi nyingine za Ulaya, na Waswahili wa huko ni wengi, wana jambo lao. Aliyekanyaga Kuba tangu tarehe 12 Januari 2021, siku Marekani ilipoirudisha Kuba kwenye orodha ya nchi inazodai zinafadhili ugaidi, hawezi tena kuingia Marekani kwa ile idhini ya haraka ya mtandaoni iitwayo ESTA. Itambidi aombe viza kamili ubalozini na kuhojiwa. Hajapigwa marufuku, ila mlango mwepesi umefungwa. Kama una mkutano New York mwezi ujao, hesabu hilo leo. Na usitegemee kwamba Kuba haikugonga muhuri kwenye pasi yako: fomu inauliza waziwazi, na kudanganya kwenye fomu ya uhamiaji ni kosa kubwa kuliko safari yenyewe. Mwenye pasi ya Kenya, Tanzania au Uganda hapotezi kitu hapa, kwa sababu ESTA hakuwa nayo.

Upande wa Kuba, fuata mpangilio huu. Kwanza viza ya kielektroniki, ambayo imechukua nafasi ya ile kadi ya karatasi ya mtalii. Hupatikana kupitia ubalozi wa Kuba au wakala, nayo ni ya siku 90. Pili, bima ya matibabu, ambayo ni lazima tangu Mei 2010. Tatu, fomu ya kuingilia nchini iitwayo D'Viajeros, inayojazwa mtandaoni siku chache kabla ya kufika. Inahitaji namba ya viza, ndiyo maana viza hutangulia. Namba ya pasi iwe ileile, herufi kwa herufi, kwenye viza na kwenye fomu, maana tarakimu moja ikikosewa utasimamishwa kwenye kaunta ya kuondokea, kabla hujaiona ndege. Ukimaliza unapata msimbo wa QR: uuchapishe na uupige picha. Nne, kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano kwa anayetokea nchi zenye ugonjwa huo, Afrika Mashariki ikiwemo. Mwenye pasi ya Kongo (DRC) aangalie njia pia: kupita uwanja wa ndege wa nchi za Schengen (kundi la nchi za Ulaya lenye viza moja), hata bila kutoka nje, kunamhitaji viza ya kupita.

Fedha: beba taslimu, na euro ndiyo rahisi zaidi. Kadi ya benki ya Marekani haifanyi kazi kabisa, na kadi za kwingine hukataa pale muamala unapopita kwa kampuni ya Marekani. M-Pesa haina kazi huko. Chukua noti ndogo za 5, 10 na 20, safi, zisizochanika, kwa sababu chenji ni tabu na noti chakavu hukataliwa. Gawanya fedha sehemu tatu. Hesabu ya safari nzima iwe tayari mkononi kabla ya kupanda ndege, pamoja na akiba ya dharura, kwa kuwa zikikuishia Trinidad, mji wa katikati ya Kuba, hakuna njia nyepesi ya kutumiwa nyingine.

Mzigoni weka tochi ya kichwani, betri ya akiba ya simu, dawa zako zote za siku hizo na zaidi (maduka ya dawa huko yana rafu tupu), dawa ya kupaka ya mbu, na adapta ya plagi bapa za Kimarekani. Pakua ramani za nje ya mtandao na programu ya VPN ukiwa bado nyumbani. Droni iache, itashikiliwa forodhani.

Siku ya 1: Kutua Havana

Uwanja wa José Martí uko kusini-magharibi mwa jiji. Uhamiaji wanaiangalia pasi, wanakupiga picha, wanauliza unalala wapi. Jibu kwa anwani kamili ya nyumba, iliyoandikwa. Mikoba ikichelewa usishangae. Kwenye dawati la ETECSA, shirika la simu la serikali, kuna laini ya watalii. Inunue hapohapo kama ipo.

Teksi ya kuingia mjini patana bei kabla mzigo haujaingia kwenye buti, na sema ni euro au dola, kwa wote au kwa kila kichwa.

Nyumba za wageni za watu binafsi, casa particular, zimeruhusiwa kisheria tangu 1997. Mlangoni zina alama ya buluu inayofanana na nanga. Ukifika, mwenye nyumba atatoa daftari kubwa, aandike jina, namba ya pasi, namba ya viza na tarehe, nawe utie saini. Taarifa hizo huzipeleka uhamiaji. Akichelewa anapigwa faini, na akirudia leseni iko hatarini. Kwa hiyo usimwambie "kesho" akikuomba pasi usiku umechoka. Kwa sababu hiyohiyo huwezi kulala kwa rafiki uliyekutana naye njiani: mgeni wa kitalii hulala nyumba yenye leseni tu, na atakayeadhibiwa ni rafiki yako.

Angalia soketi kabla ya kuchomeka. Nyumba nyingi zina 110V na 220V chumba kimoja, na maandishi ya kutofautisha mara nyingi ni karatasi iliyobandikwa. Chaja ya simu inavumilia zote mbili. Kikaushio cha nywele kilicholetwa kutoka Nairobi hakitavuma kwenye 110V.

Siku ya 2: Peso, foleni na mji mkongwe

Kuba ilikuwa na sarafu mbili hadi Januari 2021, ikabaki na peso moja. Tatizo likawa kiwango. Agosti 2022 serikali iliweka peso 120 kwa dola. Mtaani mwaka 2025 dola ilivuka peso 400. Mgeni aliyebadilisha fedha zote kwa kiwango hicho rasmi cha 120 aliweza kujikuta analipia sahani ya wali mara tatu. Kubadilisha na mtu wa barabarani ni kinyume cha sheria, na ndiko noti za bandia na hesabu pungufu ziliko. Njia salama ni kulipa nyumba, teksi na chakula moja kwa moja kwa euro inapokubalika, na kubakisha peso za vitu vidogo: kahawa, matunda, nauli. Muulize mwenye nyumba kiwango cha siku hiyo kila asubuhi. Ukikuta mtu anakupa peso za CUC, ile sarafu ya pili ya zamani, kataa, zilishakufa.

Foleni ina utaratibu wake, na ni wa haki kuliko unavyoonekana. Watu wametawanyika kivulini, hakuna mstari. Unafika, unauliza kwa sauti "¿El último?", yaani nani wa mwisho. Mtu anainua mkono. Sasa wewe ndiye wa mwisho. Mkariri huyo wa mbele yako na umuulize pia yeye yuko nyuma ya nani, kwa kuwa akiondoka utahitaji kumjua huyo mwingine. Akija mpya, wewe ndiye unayeinua mkono. Asiyeuliza anaweza kusimama saa nzima bila kuwa na nafasi.

Habana Vieja, mji mkongwe ulio kwenye urithi wa dunia tangu 1982, tembea kwa miguu: Plaza de Armas, Plaza Vieja, kanisa kuu. Tembea katikati ya barabara mvua ikinyesha, si chini ya vibaraza, kwani majengo mengi yamechoka na vipande huanguka.

Siku ya 3: Vedado, mbele ya ubalozi

Siku hii tungeipa nafasi kubwa kuliko makumbusho yoyote. Nenda na Malecón, ukuta wa bahari wa kilomita zipatazo 8, hadi Vedado. Kuna jengo refu la vioo na zege la miaka ya 1950: ubalozi wa Marekani. Ulifungwa Januari 1961, ukarudi kama ofisi ya maslahi, isiyo na hadhi ya ubalozi, mwaka 1977, na ukawa ubalozi tena Julai 20, 2015. Mbele yake kuna msitu wa milingoti. Mwaka 2006 Wamarekani walikuwa wakipitisha maandishi ya kielektroniki kwenye madirisha ya ghorofa ya juu. Serikali ya Kuba ikajibu kwa kusimamisha bendera 138 nyeusi kuyaziba. Usipige picha walinzi wala lango.

Vizuizi vya safari tunavyovizungumza kwa mtalii ni usumbufu tu. Kwa Mkuba vimekuwa maisha. Hadi Januari 14, 2013, hakuweza kutoka nchini bila kibali cha serikali yake, kilichoitwa kadi nyeupe, na ilimbidi apate barua ya mwaliko kutoka nje. Hadi Machi 2008 hakuruhusiwa kulala kwenye hoteli za watalii za nchi yake mwenyewe, hata akiwa na fedha. Daktari anayeacha kazi akiwa kwenye ujumbe wa serikali nje ya nchi huzuiwa kurudi nyumbani kwa miaka minane. Na upande wa pili, Marekani ilipopunguza watumishi wake Havana mwaka 2017, waombaji wa viza za kuhamia walilazimika kusafiri hadi Guyana kwa mahojiano, mpaka huduma hiyo iliporudi kikamilifu Januari 2023. Serikali mbili, na katikati familia ambayo mama yuko Havana na mtoto yuko Hialeah, jirani na Miami. Mgeni akizungumza na watu hapa, asikilize zaidi ya kuuliza, na asimrekodi mtu bila ridhaa. Kufanya kazi ya uandishi wa habari kwa viza ya utalii ni kosa; mwandishi ana viza yake maalumu.

Siku ya 4 na 5: Viñales

Ni kilomita zipatazo 180 kwenda magharibi. Basi la watalii, Viazul, hulipiwa mtandaoni kwa kadi, lakini mafuta yakikosekana safari hufutwa. Thibitisha kituoni siku moja kabla. Mbadala ni teksi ya kuchangia, colectivo, ambayo mwenye nyumba huipigia simu na inakuchukua mlangoni. Hakikisha idadi ya abiria inasemwa mapema, isije ikawa wanne nyuma. Tunashauri kusafiri mchana tu. Barabara kuu haina taa, na usiku hukutana na baiskeli, mikokoteni ya farasi na ng'ombe.

Kukodi gari hatupendekezi kwa mgeni wa mara ya kwanza. Mafuta ya watalii hulipiwa kwa kadi kwa fedha za kigeni tangu Machi 2024, na vituo vyenye mafuta ni vya kutafuta. Jambo zito zaidi: ajali ikijeruhi mtu, dereva anaweza kuzuiwa kuondoka nchini hadi kesi iishe, hata kama ni miezi.

Bonde lenyewe lina vilima vya chokaa vyenye kuta wima, mogote, na udongo mwekundu wa tumbaku. Mavuno ni kati ya Januari na Machi. Mkulima huiuzia serikali asilimia 90 ya tumbaku na kubaki na 10, na hiyo ndiyo atakayokuonyesha ghalani. Angalia mikono yake: analichana jani na kuutoa mshipa wa kati, ambao anasema ndio wenye nikotini nyingi, anaviringisha majani ya ndani, anayafunga kwa jani laini la nje, kisha anapaka asali kwenye ncha ya kuwekwa mdomoni. Sigara hizo hazina chapa wala hologramu. Forodha ya Kuba inaruhusu kutoka na sigara 20 za namna hiyo bila risiti. Hadi 50 zikiwa kwenye kasha lililofungwa lenye hologramu. Kuzidi hapo, risiti rasmi.

Siku ya 6: Ghuba ya Nguruwe

Siku nzima inaisha njiani hadi Playa Larga. Kuanzia hapo kwenda Girón ni kama kilomita 35 kandokando ya bahari. Hapa ndipo Aprili 17, 1961 walishuka Wakuba wahamishwa wapatao 1,400 waliofundishwa na CIA, shirika la ujasusi la Marekani, ili kuipindua serikali ya mapinduzi. Katika muda wa siku tatu walishindwa, na wapatao 1,200 wakatekwa; waliachiwa Desemba 1962 kwa kubadilishana na chakula na dawa za thamani ya dola milioni 53. Marufuku kamili ya Marekani ya kufanya biashara na Kuba ilitangazwa Februari 1962, kwa hiyo ukitaka kujua kwa nini kadi yako ya benki haifanyi kazi, jumba dogo la makumbusho la Girón, lenye ndege ya Sea Fury nje, linaeleza chanzo vizuri, kwa sauti ya mshindi.

Kuanzia Machi hadi Mei kaa wekundu huvuka barabara hiyo kwa maelfu kutoka msituni kwenda baharini. Magamba yao hutoboa matairi. Alfajiri na jioni ndiyo saa zao, basi pita adhuhuri.

Siku ya 7 na 8: Trinidad, na giza

Trinidad ilianzishwa 1514, na utajiri wake ulitoka kwa miwa na jasho la watumwa. Utumwa Kuba ulifutwa mwaka 1886 tu. Bonde la viwanda vya sukari nje ya mji lastahili nusu siku.

Umeme ndio utakaoamua siku zako. Mitambo ni mizee na mafuta ni haba. Oktoba 18, 2024 mtambo wa Antonio Guiteras, Matanzas, ulizimika na gridi ya nchi nzima ikaanguka. Ikaanguka tena Novemba na Desemba mwaka huohuo, kisha Machi na Septemba 2025. Siku za kawaida ni mgao, na mikoani ni mrefu kuliko Havana. Uliza swali moja kabla ya kulipa chumba: kuna jenereta au betri, na inaendesha nini? Mara nyingi ni taa na feni, si kiyoyozi. Chaji kila kitu umeme ukiwepo, hata saa nane usiku. Umeme ukikatika pampu nazo husimama, kwa hiyo jaza ndoo. Minara ya simu nayo hufa betri zake zikiisha, hivyo anwani zako za mbele ziwe kwenye karatasi. Nyama na samaki wa mgahawani baada ya giza la saa nyingi tusingekula. Wali, maharage meusi na mayai yanatosha. Chandarua au feni ya betri si anasa: homa ya Oropouche iliingia Kuba mwaka 2024 na chikungunya ikaenea 2025.

Siku ya 9: Santa Clara

Kaburi la Ernesto "Che" Guevara, kamanda wa mapinduzi ya Kuba, halina kiingilio. Hufungwa Jumatatu, na mikoba na kamera huachwa nje. Mabaki yake yaliletwa kutoka Bolivia mwaka 1997. Msafiri wa kutoka kwetu ana sababu ya kusimama hapa: Aprili 1965 Guevara alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma kuingia Kongo kuwasaidia waasi, na jaribio hilo liliposhindwa alikaa kwa siri kwenye ubalozi wa Kuba Dar es Salaam akiandika alichokiona. Mjini kuna mabehewa ya treni ya kivita ya jeshi la serikali, iliyoangushwa na wapiganaji wa Guevara Desemba 29, 1958, na tingatinga lililong'oa reli.

Hapa pia, Agosti 31, 2016, ilitua ndege ya kwanza ya abiria ya ratiba kutoka Marekani baada ya zaidi ya nusu karne. Mwaka 2019 safari za mikoani zikazuiwa, 2022 zikarudi.

Siku ya 10: Kurudi na kuondoka

Wengi hupitia Varadero. Baadhi ya hoteli za pale ni za makampuni ya jeshi, na Marekani ina orodha ya malazi yaliyokatazwa ambayo hubadilika. Aliye chini ya sheria zake aisome kabla ya kulipia hata usiku mmoja. Kwa wengine wote ni hiari yao, ila fedha inayolipwa casa humfikia mwenye nyumba, mpishi na dereva wake siku hiyohiyo.

Peso zilizobaki zitumie, hakuna atakayezinunua Dar wala London. Fika uwanjani saa tatu kabla ya ndege kuondoka. Anayeingia Marekani aache ramu na sigara: tangu Septemba 2020 hazikubaliki hata kwa matumizi binafsi. Vitabu, santuri na michoro haviguswi na marufuku hayo. Kwa michoro na sanamu, Kuba huweza kukudai kibali cha kutoka navyo, kwa hiyo mwombe muuzaji karatasi yenye muhuri unaponunua, si uwanjani. Risiti za nyumba, ambazo nyingi huandikwa kwa kalamu, zipige picha usiku huohuo kabla wino haujafifia.